Mwaka wa Kungojea Bei Ishuke

Wakati wa matanga ya Baba, wanaume walikaa kwenye majlisi ya mbele na sisi wanawake tukakaa chumba cha ndani, na katikati palikuwa na ukuta mwembamba uliokuwa ukipitisha kila neno. Walimsifu kama anavyosifiwa marehemu yeyote: hakuwa na makuu, hakukosa sala ya jamaa, mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa. Kisha mmoja wao, mzee wa mtaani kwetu hapa Ibra, Omani, akasema kwamba Mungu alimpa Baba kipaji cha kuijua bei ya petroli kabla haijatangazwa, na wenzake wakaitikia, wallahi kweli, alikuwa akitwambia jazeni leo, kesho inapanda. Nilikuwa na sinia la vikombe vya kahawa mkononi. Nililiweka chini kwa kishindo, na mama mmoja akanishika bega akidhani nimezidiwa na msiba. Haukuwa msiba, ilikuwa hasira. Baba hakuwa akiijua bei. Mwaka mzima nilikaa naye gari moja, kutoka Ibra mpaka Nizwa na kurudi, nikimsikiliza akibashiri, na alipatia mara chache akakosea mara nyingi, na aliyeumia kwa kubashiri kwake ni mimi.

Mtu ambaye hata miaka arubaini hajaifikia akiandika kumbukumbu za ujana wake anajizeesha bure, najua, na mume wangu ameshanicheka vya kutosha. Lakini tangu siku ile ya matanga mwaka ule haunitoki. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa petroli kutangazwa bei mpya kila mwezi. Kabla ya hapo, tangu nizaliwe, bei ya petroli haikuwa jambo la kuzungumzwa. Ilikuwa vile vile kama bei ya maji ya mfereji, unajaza tangi unakwenda zako. Na ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa nimeajiriwa kutoa dawa kwenye hospitali moja Nizwa, nikipanga chumba na wasichana wawili walimu nyuma ya msikiti, chumba chenye dirisha lililotazama mitende na kiyoyozi kilichokuwa kikinguruma kuliko kupoza. Siku za kazi nilikaa huko. Alkhamisi mchana Baba akija kunichukua, na Jumamosi baada ya alasiri akinirudisha. Sikuwa nimepata leseni bado, na hata ningelikuwa nayo asingenikubalia kuishika peke yangu barabara ile ya Sinaw, ngamia wakikatiza wapendavyo. Bibi, mama yake Baba, alikuwa akitufungia vitumbua na chupa ya chai ya maziwa, nasi tukila njiani huku Baba akifuatilia redio ikisoma bei ya pipa la mafuta ghafi.

Alilijua pipa kuliko alivyotujua sisi, ndivyo nilivyokuwa nikimwambia nikitaka kumchokoza. Alikuwa mstaafu wa serikali, mtu wa kupenda kufahamu jambo mpaka mwisho wake, na bei ya petroli ilimpata hasa kwa sababu haikuwa na mwisho. Alinieleza, nami nikaelewa, na mpaka leo naweza kukueleza. Zamani serikali ilikuwa ikibeba sehemu ya bei, sisi tukilipa iliyobaki. Kisha mafuta yakaanguka bei duniani, na nchi inayoishi kwa kuuza mafuta ikajikuta mfuko mwepesi, haiwezi tena kutubebea. Basi tukaachiwa bei nzima, na kila mwisho wa mwezi kamati ikawa inatazama petroli iliuzwaje huko masokoni na kututangazia ya mwezi ujao. Siku moja ya Ijumaa alimweleza Bibi haya, baada ya wali wa nazi na papa wa kukaanga, sote tumekaa chini kwenye mkeka. Bibi alisikiliza mpaka akamaliza. Alikuwa hasemi Kiarabu ila cha salamu na cha sala, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja ile aliyoiacha akiwa msichana, kimenyooka, hakina simile.

"Yaani yameshuka," akasema, "ndiyo yakapanda."

Baba akasema ndivyo. Bibi akamuuliza kama si kweli kwamba mafuta yenyewe yapo hapa hapa chini ya mchanga wetu, na Baba akasema yapo. Bibi akaendelea kuchambua papa wake, akasema aliyemwambia mwanawe maneno hayo hajui anachosema na mwanawe naye hajui alichoambiwa. Sote tulicheka, Baba akacheka zaidi kuliko sote. Mimi nilicheka kwa sababu wakati ule lilikuwa bado jambo la kuchekesha.

Hamed alikuja kunitaka miezi michache ndani ya mwaka huo. Alikuwa mtu wa Bahla, Mwarabu wa huko huko tangu mababu, hakuna aliyewahi kukanyaga Afrika kwao, na tulijuana kwa vile alivyokuwa akija hospitali kumchukulia baba yake dawa za sukari. Hatukuzungumza mengi. Aliniuliza dawa inaliwa kabla ya chakula au baada, nikamjibu, akaja mara ya pili akauliza lile lile, akaona haya akacheka, na nami nikacheka. Basi ni hayo tu. Lakini nilimpenda, siogopi kulisema, na alipomtuma mama yake kunitazama nilijua kwamba na yeye amenipenda. Mama yake alikuwa mnene, mtulivu, mwenye mikono iliyojaa hina, na alinikumbatia kana kwamba ameshanizoea. Baba aliwapokea vizuri akakubali posa. Aliweka sharti moja tu: mpaka ifungwe milka, yaani nikahi yenyewe, vijana wasizungumze, si kwa simu wala kwa ujumbe, na yote yapite kwa wazee. Hamed akakubali, na mimi nikakubali. Nambari yake niliipata kwenye karatasi za dawa za baba yake na sikuitumia hata mara moja. Nilikuwa mtoto niliyefundwa, na Hamed naye alikuwa kafundwa, na adabu yetu hiyo sasa naitazama kwa uchungu.

Kazi ya Hamed ilikuwa jangwani, kwenye visima vya mafuta, wiki mbili huko na wiki mbili nyumbani. Hakuwa ameajiriwa na wenye visima. Alikuwa kwa mkandarasi, na mkataba wake ulikuwa wa kungojea kuthibitishwa. Hapo ndipo Baba aliponinasa, ingawa wakati ule sikuona kuwa nimenaswa. Petroli ilipopanda alisema harusi ya sasa ni kutia maji kwenye ndoo iliyotoboka: mabasi ya kuwaleta jamaa wa Sur na Maskati yamepanda, mbuzi wa soko la Sinaw wamepanda kwa sababu hata majani yao huja kwa gari, ukumbi umepanda, na kwenda na kurudi Bahla kila mara ya mashauriano si mchezo. Tungoje ishuke. Nikangoja. Ikashuka, nami nikamwambia ndani ya gari, huku nikijitia kutazama nje, kwamba nimeona imeshuka. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Ikishuka petroli, akasema, maana yake pipa limeshuka, na pipa likishuka wakandarasi wa jangwani hupunguza watu, na wa kwanza kupunguzwa ni mwenye mkataba wa kungojea. Nitamwoza binti yangu kwa mtu ambaye mwezi ujao yuko nyumbani? Tungoje lipande kidogo, kijana athibitishwe. Nikaona ni maneno ya mzazi mwenye busara. Mwezi uliofuata ikapanda, na Baba akarudi kwenye mabasi na mbuzi.

Nilichukua muda mrefu mno kutambua kwamba kwa hesabu hiyo hapakuwa na mwezi utakaotufaa. Nilikuwa nimesoma, nikijua kupima dawa mpaka punje ya mwisho, na jambo hili lililo wazi lilinipita. Bibi hakusoma na lilimpita pia, maana na yeye alianza kuuliza bei kila mwisho wa mwezi, akiomba dua ishuke ili mjukuu wake aolewe, kisha Baba akimweleza kwa nini kushuka nako si kuzuri. Tulikuwa watu watatu nyumba moja tunaongojea redio. Nizwa nako, wenzangu wa chumbani waliniuliza lini, na mimi nikiwajibu kwa bei, wakanicheka wakaniita mwari wa petroli.

Kisha yakaja yale ya tende, ambayo jamaa zangu huyasimulia mpaka leo kwa kicheko nami huondoka chumbani yanapoanza. Kila siku ya mwisho wa mwezi, Baba akiamini kwamba kesho inapanda, alikuwa akijaza tangi la gari, akirudi nyumbani anaivuta petroli kwa mpira mpaka kwenye madumu, kisha anakwenda kujaza tena. Mdomo wake ulikuwa ukinuka petroli kupita kiasi. Madumu yale alihitaji kuyaweka mahali pa baridi pasipo jua, na nyumba yetu ilikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo: stoo ya tende, chumba kisicho na dirisha nyuma ya jiko, ambamo makanda ya tende zetu za khalasi yalilaliana yakitoa asali yake taratibu. Bibi alipinga. Baba akamwambia madumu yamefungwa vizuri. Yalifungwa vizuri kama zinavyofungwa ahadi zake nyingine za mwaka ule. Harufu ilianza kidogo, kisha tukaizoea, na ukishaizoea harufu ya nyumba yako huisikii tena.

Wazee wa Hamed walikuja Alkhamisi moja ya Shaabani kutaka siku ya milka itajwe. Walikuja kabla ya magharibi, na kwa kuwa wao walikuwa wamefunga sunna na sisi tumefunga, tuliwaalika wafuturu kwetu. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini siku hiyo, nikapika toka adhuhuri: sambusa, mkate wa kumimina, kuku wa kupaka, na uji wa ngano wenye nyama kwa ajili yao, maana sikujua kama watu wa Bahla watakula nazi. Tende nilizitoa stoo mwenyewe nikazipanga kwenye sahani kubwa mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Mikono yangu ilisikia mafuta mafuta nikadhani ni asali ya tende. Sikuonja, nilikuwa nimefunga. Hakuna aliyeonja, sote tulikuwa tumefunga. Adhana ikalia, watu zaidi ya ishirini wakanyoosha mikono kwa mara moja, wakasoma dua, wakatia tende mdomoni.

Kimya kile sitakisahau. Si kimya cha ibada, ni kimya cha watu wanaotafuta namna ya kumeza. Niliitia yangu mdomoni, na ladha ikanipanda puani kama niliyenusa tangi la gari. Mama Hamed alinitazama, akatafuna polepole, akameza, akanywa maji, akasema alhamdulillah. Kisha akachukua ya pili, huyu mwanamke, ili nisione haya, akaila nayo. Ukutani kwa upande wa pili nilimsikia baba yake Hamed akisema kwa utani wa upole kwamba nyumbani kwao wamezoea, nguo za Hamed zikirudi kutoka jangwani hunuka vivi hivi. Wanaume wakacheka. Baba yangu sikumsikia kucheka. Siku ya milka haikutajwa. Baba aliomba radhi akasema aibu hii haifutiki kwa maneno; waje tena msimu ukifika, tukiwa na tende mpya, tuwapokee wanavyostahiki. Wageni walipokwenda, Bibi alizimwaga tende zote nyuma ya nyumba, tende za mitende yetu wenyewe, na mbuzi wa jirani walizinusa wakageuka. Alikaa kizingitini akalia. Kisha akamwita mwanawe, na hii ndiyo mara pekee niliyomsikia akimkaripia mtu mzima mwenye mvi.

"Huyu mtoto atazeekea ndani ya gari lako," akamwambia. "Unangoja nini hasa?"

Baba aliinuka. Alikwenda akayatoa madumu, akayaweka uani juani, na asubuhi akayamimina moja moja kwenye tangi la gari.

Msimu ukafika, mitende ikavunwa, tukapata tende mpya, na petroli ikawa iko juu. Kisha ikashuka. Kisha nikasikia, kwa wauguzi wa Bahla tuliokuwa nao kazini, kwamba Hamed amethibitishwa kazini, na moyo wangu uliruka. Nikaihesabu safari ile ya kurudi Ibra kuwa ndiyo ya mwisho ya kungoja. Nilimwambia Baba. Akasema alhamdulillah, kisha akasema bei nayo inaelekea juu, tuone mwezi mmoja mbele. Nilipaswa kupiga kelele. Nilipaswa kumwambia asimamishe gari pale pale kati ya jangwa, nishuke, nimwite Hamed kwa ile nambari niliyoikariri. Sikufanya kitu, nilimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, nikampa.

Baridi ilipoanza, Alkhamisi moja, tukiwa tumeshaipita Sinaw, Baba aliniambia bila kunigeukia kwamba yule kijana wa Bahla ameoa kwao, binti wa ami yake. Wazee wake wamepiga simu kutaka radhi, na yeye amewapa. Akasema ni nasibu. Kisha akaingia kituo cha petroli na kumwambia mfanyakazi ajaze mumtazi, ile ya ghali, ambayo mwaka mzima hatukuitia. Na tangu siku ile hakunitajia tena bei ya petroli. Redio alikuwa akiifungua kwenye Kurani. Ilipanda, ikashuka, ikapanda sana, naye akinipeleka Nizwa na kunirudisha kila wiki, miaka kadhaa, mpaka nilipoolewa na mtu wa mtaa wa pili hapa hapa Ibra, katika mwezi ambao sikumbuki hata petroli ilikuwa bei gani. Baba hakusema mbuzi wamepanda. Harusi ilikamilika kwa wiki chache.

Sasa naendesha mwenyewe. Na bei imewekewa kikomo, haipandi, watoto wangu hawajui kwamba iliwahi kuwa habari. Miezi michache baada ya matanga nilisimama njiani kusali alasiri, kwenye chumba cha wanawake nyuma ya kituo cha petroli, na aliyekuwa akivaa viatu mlangoni alikuwa mama yake Hamed. Amezeeka, anatembelea fimbo. Alinijua kabla sijamjua. Alinipa mkono wa rambirambi, akamwombea Baba, akaniuliza watoto, akaniambia Hamed ana wanne. Ningemwacha aende, ila mimi nikataka kuondoa uzito, nikamwambia kwa utani kwamba tulishindwa na bei ya petroli. Hakunielewa. Akauliza bei gani. Nikamweleza. Alinishika mkono akanikalisha kwenye baraza la saruji, akasema kwa Kiarabu chake cha taratibu, huku akinitazama usoni:

"Binti yangu, hatukuambiwa habari ya bei. Mzee wangu alikuwa akimpigia baba yako kila mwezi, na kila mwezi baba yako akimwambia wewe mwenyewe hutaki haraka, tukupe nafasi. Tukaona haya kumsumbua mtoto wa watu."

Simlilii Hamed. Mume wangu ni mtu mwema na watoto wangu siwabadilishi na chochote. Lakini nilikaa kwenye baraza lile mpaka mama yule akaondoka na magari yakabadilika mbele ya pampu, na hasira niliyokuwa nayo sikuwahi kuwa nayo kwa mtu aliye hai. Mimi aliniambia ni pipa. Wao aliwaambia ni mimi. Nilimkumbuka akishika usukani, akitafuna kitumbua, amefurahi, akinieleza masoko ya dunia njia nzima, na nikajua alichokuwa akingojea, na kwamba hakikuwa kwenye redio. Namwombea rehema kila sala, na kila nikimaliza naikuta hasira palepale. Angeliniambia, Zuwena, usiende mbali nami. Hilo ningelikuwa na la kumjibu. Bei ya petroli sikuwa na la kuijibu.